Sinema ya Askari Peke Yao

Odessa Tarver alikamatwa Jumanne mchana akitoka kazini kwenye nyumba ya udobi ya kambi, akaambiwa kwamba amemwambukiza askari kaswende. Hakupelekwa kwa hakimu. Mwaka ule wa Vita Kuu ya Pili, katika wilaya zilizopakana na kambi za jeshi, neno la askari mgonjwa lilitosha. Akishasema "ni yule," basi mwanamke alifuatwa, akatolewa damu, akafungiwa kwenye majengo ya karantini nje ya mji mpaka wenye sindano waridhike. Askari mwenyewe alitibiwa akarudi kwenye gwaride.

Baba yake, Lucius Tarver, alikuwa na saluni ya kunyoa katika mtaa wa weusi wa mji wa Pellam, Georgia, kwenye barabara iendayo moja kwa moja hadi lango la kambi. Ilikuwa na viti vitatu na vioo vitatu, na alikuwa na vinyozi wawili wa kumsaidia. Habari ilimkuta kazini. Claudine Pettway, aliyepiga pasi pamoja na Odessa, alikuja mbio na aproni yake bado imelowa. Wanawake hawakuingia kwenye saluni ya Tarver, na Claudine hakuivunja desturi hata siku hiyo. Alisimama kizingitini akamwita kwa kidole, akamnong'oneza. Lucius aliweka wembe mezani akatoka vile vile, taulo begani. Shemasi Gaines, aliyekuwa kitini na povu upande mmoja wa uso, aliuliza kuna nini, akajibiwa, "Nakuja sasa hivi." Alingoja mpaka povu likamkaukia, kisha akajimalizia mwenyewe mbele ya kioo na kujikata mara mbili.

Kituo cha polisi kilikuwa na mlango wa nyuma kwa ajili ya weusi. Polisi wa zamu alikuwa kijana wa Kizungu ambaye Lucius angeweza kumzaa, lakini alimwita mjomba, kama Wazungu walivyozoea kuwaita watu weusi waliokwisha kuota mvi.

"Mjomba Lucius," akasema, "una binti mwenye kidoti hapa?" Akajigusa pembeni mwa mdomo.

Lucius akasema anaye.

"Basi ndiye. Askari ameeleza kila kitu. Kidoti, gauni jeupe lenye kola pana kama ya baharia, ua kichwani upande huu. Anauza kahawa kwenye mgahawa wenye viti virefu. Ameeleza utafikiri ana picha yake mfukoni."

"Binti yangu hauzi kahawa, bwana. Anafua mashuka ya jeshi."

"Mchana anafua," polisi akasema. "Nani amekuuliza habari za mchana?"

Mwenzake aliyekuwa akila karanga pale nyuma akacheka. Lucius aliuliza kama anaweza kumwona, akaambiwa kwamba ameshapelekwa karantini na huko hawaingii wageni. Aliuliza ni askari gani aliyesema hayo, akaambiwa hilo ni la jeshi. Akashukuru, kwa sababu ndivyo mtu mweusi alivyotoka kwenye jengo lile akiwa mzima, akaenda nyumbani.

Nyumbani alifanya jambo ambalo asingependa mtu alijue. Alifungua kabati la mwanawe.

Hakuwa akitafuta kitu cha kumtetea. Alitaka kuhakikisha. Alikuwa mjane wa miaka mingi, Odessa ndiye aliyempikia, na kila Jumapili alimsikia akiimba sauti ya kwanza kanisani mpaka akina mama wakapunga pepeo zao. Angesema anamjua. Lakini polisi alitaja kola na ua kwa uhakika mkubwa, na mtu akisikia jambo la binti yake likisemwa kwa uhakika, moyo humwambia huenda wote mtaani wanajua isipokuwa yeye. Siri ya mtungi aijuaye kata. Akatoa magauni moja baada ya jingine, akayatazama kola, akayarudisha. Yalikuwa machache. Palikuwa na joho la kwaya na koti la baridi. Kola ya baharia haikuwamo.

Akashusha pumzi. Kisha akaketi kitandani pa mwanawe akaona haya, kwa vile alivyoshusha pumzi.

Ni pale pale, ameketi, ndipo ile kola ilipomjia. Alikuwa amewahi kuiona, kupitia dirishani, kwenye mgahawa wa Dorsey, majira ya mapukutiko yaliyopita. Odessa ndiye aliyeivaa, na taa kali zilikuwa zikimwakia.

Siku zile walikuja watu wa sinema wa jeshi kutoka New York. Luteni wao alikwenda kanisani Jumapili, akangoja ibada iishe, akamwomba mchungaji amsaidie kumpata msichana. Walikuwa wakitengeneza sinema kwa ajili ya askari weusi, na askari weusi walitakiwa waone watu wao. Sinema ilihusu afya, akasema, na alitaka msichana mwenye uso wa kuaminika. Hakutaka mrembo wa jukwaani. Alitaka uso ambao kijana yeyote akiutazama atakumbuka kwao. Mchungaji hakuhitaji kufikiri, wala kanisa. Wote walisema Odessa.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Alimimina kahawa, akacheka, akacheza dansi na kijana aliyevaa sare, wakatoka wameshikana mikono. Hakupewa neno lolote la kusema. Walimvika gauni lao na ua lao, na walipomaliza walivitia sandukuni wakaondoka navyo. Nusu ya mtaa ilijazana nje ya dirisha la Dorsey. Lucius alikuwa mbele kabisa, kifua mbele kama jogoo.

Kwa majuma baada ya hapo, kila aliyekaa kitini pake alipewa hadithi ile. Walipoanza kuja askari waliokwisha kuiona sinema, aliwauliza wameionaje. "Huyo anayemimina kahawa," alikuwa akisema huku akinoa wembe kwenye mkanda, "ni mwanangu wa kumzaa." Mara ya kwanza aliposema hivyo, saluni ilikuwa imejaa askari na kelele za besiboli. Wakanyamaza wote. Mmoja alianza kufunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa. Sajini Amos Whitlow, mteja wake wa zamani, aliomba taulo la moto ajifunike uso. Lucius alidhani wameingiwa na heshima, au wivu. Toka siku ile askari wakiwa saluni kwake hawakutaja sinema. Wala hawakuwataja tena wanawake. Alidhani ni adabu, akawasifu kwa mchungaji.

Hakuiona sinema mwenyewe, na hakuna raia aliyeiona. Ilikuwa ya askari peke yao, na hata Odessa hakuonyeshwa.

Sajini Whitlow alikuja kunyolewa Jumatano asubuhi, kama desturi yake. Ndiye aliyeendesha mashine ya sinema kambini. Lucius alimkalisha, akafunga mlango kwa komeo, akageuza kibao kilichoandikwa kwamba wamefunga. Akapaka povu. Akashika wembe.

"Sajini, humo ndani binti yangu anafanya nini?"

"Anamimina kahawa, Bwana Tarver."

"Halafu?"

"Anacheza dansi."

"Halafu?"

Whitlow akautazama wembe. "Weka hicho kitu chini kwanza."

Lucius akakiweka. Whitlow akaeleza akitazama dari, povu usoni. Yule kijana wa kwenye sinema anatoka na Odessa, na hapo wote wawili wanatoweka. Anayefuata kuonekana ni kijana peke yake, amekaa mbele ya daktari, anavua shati. Kisha zinakuja picha za vidonda, kubwa, za watu halisi, na askari wapya wengine huzimia. Kisha kijana yule yule ni kipofu, anaongozwa na mama yake barazani. Mwisho kabisa inarudishwa sura ya Odessa, imejaa kitambaa kizima cha sinema, anacheka akiwa na birika la kahawa. Na sauti ya mwanamume inasema: Mtazame vizuri. Ungejuaje kama ni mgonjwa?

"Basi?" Lucius akauliza.

"Basi. Taa zinawaka."

Lucius alifuta wembe ambao haukuwa umetumika. Aliuliza ni kwa nini hakuna aliyemwambia.

"Ulikuwa unafurahi, mzee," Whitlow akasema. "Nani angeanza?"

Kisha akamweleza lililobaki, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuenea kwenye mabweni. Askari mwenyewe aliitwa Roscoe Bynum, wa kikosi cha uhandisi. Lucius alikijua kichwa chake. Kilikuwa na kovu kisogoni na alikinyoa Jumamosi iliyopita. Zahanati ya kambi ilikuwa na utaratibu: mgonjwa hapewi ruhusa ya kutoka wala hasamehewi adhabu mpaka amtaje mwanamke. Roscoe hakumjua. Alikuwa amelewa, palikuwa na giza nyuma ya ghala fulani, na mwanamke hakutaja jina. Kapteni wa zahanati akamwambia afikirie tena. Akafikiri. Kitu pekee alichokikumbuka waziwazi katika mambo yote ya ugonjwa ule kilikuwa uso mmoja, na alikuwa ameonyeshwa na jeshi lenyewe.

"Aliongopa," Lucius akasema.

"Sijui kama aliongopa. Ukiwauliza nusu ya vijana wangu kaswende inafananaje, watakuambia ina kidoti hapa."

Lucius alitaka amfuate Roscoe wakati ule ule. Whitlow alimkataza. Askari akigeuza maneno aliyompa ofisa hushtakiwa, na Roscoe hakuwa na moyo wa namna hiyo. Njia iliyobaki ilikuwa moja, nayo ni kwamba daktari wa wilaya, ambaye ndiye mwenye funguo za karantini, aione ile sinema kwa macho yake. Whitlow angezungumza na kapteni. Lucius aende kwa daktari. Wakapeana mkono, na sajini akatoka na povu shingoni, kwani siku hiyo hakuna aliyekumbuka kumnyoa.

Dakta Pruitt alimpokea akiwa amesimama. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye wilaya nzima mikononi na wauguzi wawili. Ukutani mwake palikuwa na mabango ya jeshi, na karibu kila moja lilikuwa na picha ya msichana anayetabasamu. Lucius alieleza kwa utaratibu: gauni, kola, ua, mgahawa wa Dorsey. Alisema yote hayo ni mavazi ya maigizo, na kwamba askari amesimulia sinema.

"Lucius," daktari akasema, "kwa nini walimchagua yeye?"

"Kwa sababu ana uso wa kuaminika, daktari. Kanisa ndilo lililomtoa."

Daktari akaonyesha mabango kwa kalamu. "Na hawa je? Wote wana nyuso za kuaminika. Ndiyo shida yenyewe."

Lucius alibaki na kofia mkononi. Alikuja akidhani wema wa mwanawe ni ngao, akakuta kwamba chumbani mle ni dalili. Kama angekuwa na sura ya kihuni wangemshuku; na kwa kuwa hakuwa nayo walimshuku zaidi. Hakuna uso ambao msichana angeweza kuja nao pale ukamsaidia.

Aliuliza kuhusu damu. Daktari alisema imepelekwa Atlanta, na majibu huchukua muda. Aliuliza kama sindano zinaweza kungoja majibu. Akaambiwa zitaanza kesho, kwa tahadhari. Ndivyo wanavyofanya kwa kila aliyetajwa.

"Sajini atamwomba kapteni akuite Ijumaa uione," Lucius akasema. "Ngoja hadi Ijumaa tu, daktari."

"Ugonjwa haungoji sinema," daktari akamjibu, na akarudi kwenye kazi yake.

Whitlow naye alikuwa na kazi ngumu kuliko alivyotarajia. Kapteni alikuwa daktari wa jeshi kutoka kaskazini, mwenye haraka, asiyependa kuambiwa na sajini mweusi kwamba zahanati yake imekosea. Whitlow hakumzungumzia Odessa hata kidogo. Alimwambia hivi: kama mwanamke waliyemfunga siye, basi aliye ndiye bado yuko nje, na leo ni siku ya mshahara. Hilo kapteni alilielewa. Akampigia mwenyewe simu Dakta Pruitt. Lakini kabla hajaweka simu chini alitaka kujua kinyozi alipataje kujua yaliyomo kwenye sinema, maana ilikatazwa kusimuliwa nje ya kambi. Whitlow akasema ni yeye aliyemsimulia.

Ijumaa palikuwa na askari wapya wa kuonyeshwa. Lucius alilifuata gari la daktari kwa miguu, akafika lango la kambi jasho likimtoka, akaruhusiwa kupita mpaka kwenye jumba la mabati kwa sababu Whitlow alikuwa ameacha neno. Mlangoni akazuiwa. Mlinzi, kijana aliyemnyoa mara nyingi, alimwomba radhi kama anayemwomba babaye. "Raia hapana, Bwana Tarver. Dakta ameandikiwa kibali. Wewe hapana."

Basi akasimama nje, ubavuni mwa jumba, mahali palipokuwa na kivuli. Bati ni bati. Kila kitu kilisikika. Alisikia mashine ikianza kusaga. Alisikia muziki wa dansi. Kisha akasikia jumba zima likilipuka kwa miluzi na miguu kugongwa sakafuni, wakaanza kuita: Dada, nimiminie na mimi. Dada, mimi nakunywa bila sukari. Akajua mwanawe ameingia.

Akawasikia wakicheka. Hawakuwa vijana wabaya. Wengi wao wangekuja saluni kwake Jumamosi, wangemwita mzee, wangewapisha wenye mvi viti. Kisha kicheko kikakatika kama kilichokatwa na kisu, na mtu mmoja akatapika. Lucius aliweka kiganja kwenye bati. Lilikuwa la moto sana lakini hakukiondoa. Ile sauti ya mwanamume ikaja, pole, nzuri, sauti ya mtu mwenye elimu, ikasema mtazame vizuri. Na humo gizani kijana mmoja, kwa hasira ya mtu aliyetishwa, akamtukana Odessa tusi ambalo Lucius hakuwahi kulisikia likitajwa hata saluni kwake. Wengine wakaitikia.

Daktari alitoka akiwa anafuta miwani. Alitembea hadi pale kivulini.

"Ni yeye," akasema. "Gauni, ua, viti virefu. Kama alivyoeleza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitapiga simu." Akavaa miwani. "Lakini sinema yenyewe ni nzuri, Lucius. Inafundisha."

Lucius alikuwa akiwaza kwamba kweli inafundisha, na kwamba Roscoe Bynum alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote. Alifundishwa kwamba ugonjwa unakaa kwenye uso wa msichana, akalishika somo, na alipoulizwa akalijibu vilivyo.

Wakamwachia Jumamosi. Shemasi Gaines, plasta mbili shavuni, alitoa gari lake la mizigo bila kuuliza swali. Odessa alikuwa amekwisha kudungwa mara mbili. Alitembea polepole akiwa amekumbatia mikono, na njiani walisimama ili atapike. Aliporudi ndani ya gari alitazama mashamba ya pamba.

"Baba, umeiona?"

"Hawakuniruhusu."

"Hata mimi." Akajifuta mdomo. "Kule ndani kulikuwa na mwanamke aliyekuwa na bwana askari. Bwana alimsimulia. Nimeisikia kwake mara ya kwanza, tukiwa tumepanga foleni ya sindano. Ananiambia, kumbe ndiye wewe. Anaita na wengine waje kunitazama."

Lucius alisema amesikia kutoka nje, ubavuni mwa jumba. Odessa aliuliza wanasemaje. Kinyozi hudanganya kila siku, humwambia mwenye kipara kwamba nywele bado zipo, lakini safari hii Lucius hakuona pa kuanzia uongo. Alisema wanapiga miluzi kwanza. Kisha wanaambiwa wamtazame vizuri. Tusi hakulitaja.

Nyumbani Odessa alifungua kabati atoe gauni la kulalia. Akasimama. Yeye hutundika magauni yake ndoano za viango zikitazama ndani; sasa zote zilitazama nje.

"Ulikuwa unatafuta lile gauni," akasema. Hakuwa anauliza.

Lucius, mlangoni, akasema ndiyo.

"Lilikuwa la manjano," Odessa akasema. "Kwenye picha huonekana jeupe, lakini lilikuwa la manjano. Ungengoja kuniuliza ningekwambia."

Akaanza kugeuza ndoano moja moja. Lucius alisema jambo kuhusu polisi, jinsi alivyozungumza kwa uhakika, akasikia mwenyewe jinsi linavyosikika, akaliacha katikati. Alikwenda jikoni akachemsha uji wa mahindi, akautia siagi, akamletea. Odessa alikula vijiko vitatu kwa ajili ya baba yake, akageukia ukutani.

Majibu ya damu yalikuja kutoka Atlanta juma lililofuata. Hakuwa na kaswende, wala hajawahi kuwa nayo. Lucius aliyakunja akayapeleka kanisani, akamwonyesha mchungaji, akamwonyesha Shemasi Gaines, akamwonyesha Claudine, na alipotaka kumwonyesha mtu wa nne aliona kwamba kila anapoyatoa mfukoni watu wanakumbuka upya kile ambacho yanakanusha. Akaacha.

Roscoe Bynum aliulizwa tena na kapteni, safari hii kwa upole. Alilia. Alisema hakumbuki lolote isipokuwa giza na harufu ya magunia. Kabla mwezi haujaisha kikosi chake kikapandishwa treni kwenda bandarini. Siku moja kabla ya safari alikuja mpaka nje ya saluni, akasimama upande wa pili wa barabara, kofia mkononi. Lucius alimwona kupitia dirishani, akaendelea kunyoa. Alipoinua macho tena kijana alikuwa ameondoka. Hata leo hajui angemwambia nini.

Hesabu ya mambo yote hayo ni hii.

Odessa alipata sindano mbili za dawa yenye sumu kwa ugonjwa asiokuwa nao, na majuma kadhaa baadaye macho yakamgeuka manjano, ini likavimba, akalala kitandani kiangazi chote. Kazi ya udobi alipewa mwingine. Kwenye kwaya mchungaji alimwomba apumzike mpaka maneno yapoe, na sauti ya kwanza ikachukuliwa na binti wa Shemasi Gaines, ambaye hakuiweza. Wendell Strickland, mchumba wake, aliyekuwa akiendesha malori ya jeshi ng'ambo, huko Oran, alionyeshwa sinema ile pamoja na kikosi chake chote. Aliandika kuuliza swali moja. Odessa alijibu kwa kirefu. Wendell hakuandika tena, na alirudi salama vita vilipokwisha.

Sajini Whitlow alivuliwa cheo kwa kusimulia kilichokatazwa, akawa koplo, akaendelea kuendesha ile mashine. Askari hawakuja tena saluni kwa Tarver. Hawakumdharau, walishindwa kumtazama. Vinyozi wawili wakaondoka, na kati ya viti vitatu kikabaki kinatumika kimoja. Mwanamke wa nyuma ya ghala hakutafutwa, maana karani wa zahanati alikwisha kuandika kwamba amepatikana. Hadi mapukutiko askari kumi na wanane zaidi walilazwa kwa ugonjwa ule, na mwanamke huyo mwenyewe, popote alipokuwa, hakutibiwa.

Oktoba Odessa alipanda treni kwenda kwa shangazi yake Detroit, akiwa na miaka ishirini na miwili. Alimkumbatia baba yake kituoni, na kila Krismasi aliandika. Nyumbani hakurudi.